Sufuria ya Kurudia

Stagiaires wa bloc, wanafunzi wa mazoezi wa chumba cha upasuaji, walipokuja nyumbani kwangu Mususa kuniaga, waliniletea saa ya ukutani na ombi. Saa nimeitundika. Ombi lilikuwa niwaandikie kurasa chache kuhusu mwili wa binadamu, "vile unatufundishaka, Mama Masika, hapana kama mu syllabus," kisha nimalizie kwa maneno ya kutia moyo. Ya mwili nitayaandika. Maneno ya kutia moyo sina. Nimestaafu nikiwa na hasira, na hasira hiyo haijapoa, ingawa chai yangu hapa mezani imeshapoa mara mbili.

Sitawasimulia nilipandishwa cheo lini. Mshahara nao tuuache, tusicheke kwenye matanga. Nitawasimulia habari za tumbo. Watu hudhani kwamba sisi tunaolalisha wagonjwa kwa dawa kabla ya upasuaji shida yetu ni moyo na mapafu. Ni kweli kwa sehemu. Lakini katika miaka yangu yote, Butembo na Beni, kiungo kilichonitoa jasho kuliko vyote ni tumbo, pamoja na mikono ya yule aliyempikia mgonjwa. Hiyo mikono haimo kwenye syllabus. Ndiyo maana ninaandika.

Nilianza Butembo, chini ya Papa Paluku. Alikuwa muuguzi wa zamani aliyevaa buti za mpira ndani ya bloc, akitafuna tangawizi kuanzia asubuhi, na ukimsifu alikasirika. Siku ya kwanza nilifika na blouse, koti jeupe la kazi, niliyoipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Nilikuwa nimekariri majina ya kila gegedu la koo kwa Kifaransa, na nilitamani sana kuulizwa. Hakuniuliza. Aliniambia nivue blouse nimfuate.

Tulikwenda kwa muuza nyama. Huko alikuwa amewekewa koo la mbuzi, ulimi ukiwa bado umeshikana nalo juu na mapafu yakining'inia chini. Akaniwekea kwenye beseni, nikalibeba kichwani kupitia mtaa wetu huu huu wa Mususa, nikisalimiwa na watu wa parokia waliojua kwamba nimekwenda kusomea udaktari. Mama mmoja aliniuliza kama nimefungua mgahawa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nyuma ya chumba cha kufulia, Papa Paluku alilaza lile koo juu ya bati.

"Majina unayajua," akasema. "Sasa onyesha fasi yenye iko."

Nilionyesha ulimi. Baada ya hapo nilikwama. Kila kitu kilikuwa chekundu na kinateleza, hakuna mshale wala herufi ya kunielekeza kama kwenye kitabu. Akanishika kidole akakiingiza. Mbele, bomba gumu lenye pete pete: hilo ni la pumzi. Nyuma yake, limelala bapa kama kitambaa kilicholowa: hilo ni umio, njia ya chakula. Majirani wawili, ukuta mmoja kati yao, na mlango wa kuingilia ni huo huo mmoja. Akaweka mdomo kwenye bomba gumu akapuliza, na yale mapafu yakajaa, yakageuka rangi ya waridi. Nilisahau aibu yote ya njiani.

Kisha akachukua kikombe chake cha uji, akamimina kidogo kwenye shina la ulimi.

"Huyu mbuzi eko analala," akasema. "Nani atamufungia mulango?"

Hakuna aliyemfungia. Uji ulishuka kwenye bomba la mbele. Alikata pafu kwa mkasi akanionyesha ule weupe ndani, na kwa nini pale ulipofika hewa haiwezi tena kupita. Alinifanya niuguse. Tangu siku ile sijamlalisha mtu bila kuuona ule weupe kwanza.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mnapopita mbio. Mtu akiwa macho, ana walinzi wawili. Mmoja yuko kooni: ukimeza, mlango wa pumzi unafungwa, na tone likipotea njia, unakohoa. Wa pili ni msuli unaobana pale umio unapoingia tumboni, kuzuia kilichoshuka kisipande tena. Dawa zetu huwalaza walinzi wote wawili pamoja na mgonjwa. Tumbo likiwa na kitu, kitu kinapanda kimya kimya. Hakiji kwa kishindo kama matapishi ya mlevi wa kasiksi, kinafurika tu kama mtaro. Na kikishuka mapafuni hakizibi tu, kinaunguza, kwa kuwa tumbo lina asidi yake. Msidanganywe na dawa ya ketamini kwa sababu mgonjwa bado anameza mate. Walinzi wa ketamini wanasinzia na jicho moja wazi, na hilo jicho si la kutegemea.

Mama mjamzito ana balaa zaidi: mtoto amesukuma tumbo juu, na ule msuli umelegea. Mwenye maumivu au hofu, tumbo lake limegoma, halisukumi chakula mbele. Aliyekula ndipo akaumizwa anaweza kubaki na chakula kile kile muda mrefu kuliko mnavyofikiri. Saa za kufunga zilizoandikwa kwenye syllabus ni za mtu mtulivu. Nionyesheni mtu mtulivu Beni.

Na kabla ya dawa yoyote, aspirateur, mashine ya kunyonya matapishi kooni, iwe chini ya guu lako. Ile ya pedali, isiyohitaji umeme. Papa Paluku alikuwa akisema, mguu kwanza, mkono baadaye: usiguse sindano kama mguu haujagusa pedali. Wajomba wa nguo safi, yaani wafadhili, wataileta ya umeme inayolia vizuri. Ipokeeni, washukuruni, na ya pedali msiitupe.

Haya, sasa Kahindo.

Alikuwa binti mwenye uvimbe tumboni, mwenye nguvu, mcheshi, aliyenitania kwamba blouse yangu ingeweza kufanya kazi peke yake nami nikabaki nyumbani. Operesheni ilikuwa imepangwa, hakuna haraka. Papa Paluku alimuuliza kama amekula, akasema hapana. Tulimuuliza mama yake, ambaye ndiye alikuwa garde-malade wake, yaani ndugu anayekaa na mgonjwa, anayempikia na kumfulia. Naye akasema hapana, huku akitazama sakafu. Tulimlalisha. Uji ulipanda na maharage ndani yake. Papa Paluku alikanyaga pedali mpaka buti likamchomoka mguuni, na alifanya kila kitu kinachofanywa. Kahindo hakuuona mwisho wa juma.

Sitasahau kilichofuata. Daktari wetu wa wakati ule alitoka nje, akamkuta yule mama ukumbini, akamwambia mbele ya watu wote:

"Ni wewe uliua mutoto wako."

Yule mama hakulia. Alikuwa anajaribu kueleza, kama mtu aliyeulizwa swali la kawaida.

"Nilimupatia juu asiende na njaa," akasema.

Niliingia kwenye stoo ya shuka kwa hasira, na mnajua sikumkasirikia mama. Kwetu, mtu hasindikizwi safari na tumbo tupu. Hata anayekwenda shambani upande wa pili wa kilima hutiliwa kitu mkononi. Kuingia mahali ambapo watu wenye vinyago vya kitambaa watakufanya usijitambue, je, si safari? Na akifa huko, nyumba nzima itaulizwa na roho zao wenyewe: mlimwacha aende na njaa? Yule mama alifanya kile ambacho mama yeyote mwema wa hapa angefanya. Sisi tulikuwa tumebandika katazo ukutani, kwa Kifaransa, tukanawa mikono. Daktari akamtwika maiti mgongoni aende nayo maisha yake yote. Niliapa kwamba mimi, katika chumba nitakachofanyia kazi, hakuna mama atakayeambiwa tena maneno yale. Ndicho kiapo pekee cha kazi nilichokishika bila kuombwa kuinua mkono.

Papa Paluku hakuapa. Alisema tu, akiosha buti zake, "Tulimukataza kitu, hatukumupatia ingine fasi yake." Nilidhani anajisemea.

Dawa haikutoka kwetu. Ilitoka kwa bibi mmoja wa Lubero, Koko Kyakimwa, aliyemleta mjukuu wake mwenye henia. Tulipomwambia mjukuu asile, alikunja mikono akasema basi wanarudi Lubero, henia imekaa miaka, itakaa tena. Papa Paluku alijaribu kumweleza habari za asidi. Koko alimsikiliza kwa heshima, kisha akatoa masharti yake.

"Mutu haendake safari na njaa," akasema. "Na kama ni lazima aende nayo, basi ajue chakula inamungoja."

Alikwenda kwenye jiko la garde-malades, akasonga obundu, ugali wetu wa muhogo, akapika kuku. Akamletea mjukuu sufuria kitandani, akafungua kifuniko ili aone na anuse, kijana wa watu akameza mate. Kisha akaifunika, akaizungushia kitambaa cha kikwembe, akakaza fundo. Akamwambia: hii ni ya kurudia, hakuna atakayeigusa, hata mimi, mpaka wewe utoke. Akaketi mlangoni mwa bloc sufuria ikiwa miguuni. Mjukuu aliingia akiwa na njaa na akiwa na mahali pa kurudi. Alipozinduka jambo la kwanza alilouliza ni kuku.

Garde-malades wengine walikuwa wanaangalia, na kesho yake kulikuwa na sufuria nyingine mlangoni. Baada ya hapo ikawa desturi ya hospitali yetu, bila mkutano, bila semina, bila mgeni wa kutoka Kinshasa kuizindua. Wenyewe wakaiita sufuria ya kurudia. Na wenyewe wakaiwekea mwiko: huwezi kufunga fundo kwa mtu ambaye umeshamlisha. Kumpikia chakula cha kurudia aliyekwisha kula chakula cha kuondokea ni kumwambia asirudi. Hakuna aliyewafundisha hilo. Lilitoka huko ambako mambo kama hayo hutoka.

Mnaona tulichopata? Mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo kwa sababu anakuogopa, anaogopa kurudishwa nyumbani, anaogopa kinyago chako. Mikono haidanganyi kirahisi. Kuanzia hapo hatukuuliza tena kama mgonjwa amekula. Tulikwenda kwa garde-malade, tukasalimia kwanza kama watu, kisha tukasema: mama, funga nione. Akifunga, tuliendelea. Mikono ikisita, tulijua, na hatukumgombeza. Hilo Papa Paluku alilisisitiza kuliko yote. Ukimgombeza leo, alisema, kesho wote watajifunza kufunga hata kama wamelisha.

Nilichukua desturi hiyo nikaenda nayo Beni, nilipohamishiwa, na huko ilishika kama moto wa nyasi. Niliishi commune ya Ruwenzori, mahali ambapo mtu hujifunza kutofautisha ngurumo za mvua na ngurumo nyingine. Hapo tulipata wagonjwa wengi wasiopangiwa operesheni. Mmoja alikuwa dereva wa pikipiki aliyepigwa risasi ya paja barabarani, akivuja damu nyingi mno asiweze kupewa rachi, ile sindano ya mgongoni ambayo ningeichagua siku yoyote ili mtu abaki macho na walinzi wake. Ilibidi alale kabisa. Aliapa kwa mama yake kwamba tangu jana hajala kitu. Mama mwenyewe alikuwa amesimama hapo. Hapakuwa na chakula, lakini muuza ndizi wa nje alituazima sufuria tupu, nami nikamvua yule mama kikwembe cha begani nikampa.

"Funga, mama," nikamwambia.

Alizungusha ncha za kitambaa. Akazisokota. Hakufunga. Nilimwambia asante, nikaingia ndani na kuwapanga watu wangu kwa ajili ya tumbo lililojaa: guu kwenye pedali, bomba la koo tayari mkononi, meza ikiwa inaweza kuinamishwa upande wa kichwa mara moja, na mwenzangu vidole kwenye pete.

Hiyo pete mnaitaja cricoïde halafu mnabonyeza popote. Wekeni kidole shingoni mwenu sasa hivi, mnaposoma. Mtakuta lile gegedu linalotokeza kwa wanaume. Shukeni kidogo, kuna bonde dogo laini. Chini yake, pete ngumu iliyozunguka pande zote. Ndiyo. Walimu wapya wanabishana kama kuibonyeza kunasaidia kuziba umio au la. Wabishane, ni kazi yao. Ninyi mjue ilipo, kwa kidole, gizani, kwenye shingo nene na kwenye shingo ya mtoto.

Yule dereva alitapika mara tu dawa ilipomshika. Maharage, na sombe, majani ya muhogo, juu yake. Kichwa kilishushwa, mguu wangu ukafanya kazi, bomba likaingia. Aliishi. Kwa miaka, nilipopita kwenye kituo chao, aliwatangazia wenzake kwamba huyu ndiye Mama wa Pedali, akanipakia bure huku nikikataa. Kama ningemsikiliza yeye na kiapo chake, leo mama yake angekuwa anatembea na ile maiti mgongoni.

Niliporudi Butembo, Papa Paluku alikuwa ameshazikwa, na hospitali ilikuwa imepata vigae. Tuliendelea vizuri kwa muda mrefu. Koo la mbuzi nilikuwa nalinunua mwenyewe, stagiaires walilibeba wenyewe kichwani, na kila mwaka kulikuwa na mmoja aliyeona aibu na mmoja aliyekuja kunishukuru. Kisha akaja AG mpya, administrateur gestionnaire, msimamizi wa hospitali nzima, aliyetumwa kutoka mkoa mwingine. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alifika mapema kazini, alipaka uzio rangi, alifanya vyoo vikanukia. Sikatai vyoo. Lakini kulikuwa na ugeni uliotarajiwa kutuletea mashine, na AG alipopita mlangoni mwa bloc akakuta akina mama wameketi chini na sufuria zilizofungwa vikwembe, aliona aibu ile ile niliyokuwa nayo mimi na beseni langu kichwani. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa msichana mjinga, na sikuwa na mamlaka.

Sufuria zikapigwa marufuku ndani ya uzio. Likawekwa bango, kwa Kifaransa. Garde-malades wakaambiwa wapike nje ya lango, upande wa barabara, kwenye vumbi na mvua. Mbuzi naye akafukuzwa: kwa hadhi ya mafunzo tukaletewa kichwa cha plastiki cha kujifunzia. Ni kichwa kizuri. Hakijawahi kutapika. Na mahali pa fundo pakawekwa tablette, kompyuta ndogo ya mkononi, yenye swali moja, à jeun, yaani hujala, ndiyo au hapana, unagusa kwa kidole. Mfanyakazi wa bloc akitoka nje ya lango na nguo za bloc, ni kosa la nidhamu.

Nilikwenda ofisini kwake. Nilimweleza yote haya ninayowaeleza, na nikamweleza vizuri, kwa Kifaransa changu cha Jumapili. Alinisikiliza, akanikalisha kwenye kiti, akaniita mama. Akasema anaheshimu mila zetu, lakini usafi ni usafi. Nilimuuliza ni kijidudu gani kilichotoka kwenye sufuria iliyofungwa kikaruka kuingia tumboni mwa mtu kupitia ukuta. Akacheka. Juma lililofuata nikahamishwa kutoka bloc nikapewa kufundisha nadharia mpaka nistaafu, "upumuzike, Mama Masika." Na baadhi yenu, ninawajua kwa sura, mlicheka pia. Mlisema kizazi chenu kimeachana na mambo ya mafundo. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Sasa Kanyere.

Mliokuwapo mnajua. Wengine mjue. Kanyere alikuwa mke wa fundi seremala wa hapa mjini, mwenye rovu kubwa shingoni lililoanza kumbana pumzi. Rovu si jambo la sindano ya mgongo, lazima mgonjwa alale kabisa. Mama yake, Mama Kavira, alitoka Mutwanga kuja kumuuguza, kwa pikipiki na kwa pick-up, kwa barabara ambayo siwaelezi, mnaijua. Alikuja na kuku hai kwenye kikapu. Mwaka mmoja nyuma jirani yake alikuwa ameuguziwa mtoto kwetu, kwa hiyo alijua habari ya sufuria ya kurudia. Alijua afanye nini. Asubuhi ya operesheni alipika kuku yule nje ya lango, akasonga obundu, akaandaa kikwembe kipya kabisa, akaja nayo getini.

Mlinzi akamrudisha. Akamwonyesha bango.

Kanyere alitoka wodini kumsalimia mama yake, maana alikuwa anatembea mwenyewe vizuri. Wakaketi kwenye ukuta wa nje. Saa ile ile mimi nilikuwa darasani, mita chache kutoka pale, ninawachorea umio ubaoni.

Aliyemlalisha ni Mumbere, stagiaire bora niliyepata kumfundisha, na ninamtaja kwa sababu ameniruhusu. Alimuuliza swali la tablette. Kanyere aliona bango, alimwona mlinzi, aliwaza barabara ya Mutwanga ambayo mama yake angeirudia bure. Akasema ndiyo, yuko à jeun. Mumbere akagusa kwa kidole. Aspirateur ya pedali ilikuwa stoo. Ile ya umeme ilifanya kazi sawasawa, umeme haukukatika, mashine zote ziliwaka. Sitaki mtu aseme ni umeme. Chakula kilipopanda ilichukua muda tu kuivuta karibu na kuichomeka, kwa kuwa hakuna aliyekitarajia.

Kanyere alizikwa Mutwanga.

Kikaitishwa kikao. AG alisoma hitimisho: kifo kimesababishwa na garde-malade kutofuata maagizo. Na Mama Kavira alikuwa ameitwa, ameketishwa mbele yetu kwenye kiti cha plastiki, kichwa kimenyolewa kwa msiba, ili asomewe. Kwa Kifaransa, kisha mtu akamtafsiria. Nilikuwa nimesikia sentensi ile miaka mingi nyuma ukumbini, kutoka kwa mdomo mmoja wenye hasira. Sasa ilikuwa imepigwa chapa na muhuri.

Mama Kavira alisubiri mtafsiri amalize.

"Nilipika juu arudie," akasema. "Mulinikataza kuingia nayo. Chakula ilikuwa imeisha kuiva. Mulitaka niipeleke wapi?"

Mimi nilijua chakula kile kilikuwa sufuria ya kurudia, na nafikiri Mumbere alielewa wakati ule, maana aliinamisha kichwa mpaka magotini. Kile ambacho kingemlinda Kanyere, tulikirudisha getini, na kikafanya kitu pekee ambacho chakula kilichoiva mikononi mwa mama kinaweza kufanya: kiliingia tumboni mwa mtoto. AG alikusanya karatasi zake. Nikasimama nikamwambia kwamba swali la mama halijajibiwa.

"Mama Masika, pardon," akasema. "Tusiingize coutume, mila za kwenu, mu médecine."

"Coutume muliiacha inje ya lango," nikamwambia. "Yenye iliingia ni chakula."

Akasema kikao kimefungwa. Basi, hiyo ndiyo iliyokuwa sherehe yangu ya kuagwa. Nilimshika Mama Kavira mkono, nikamsindikiza mpaka kwenye pick-up ya Mutwanga, nikapanda naye. Njia nzima nilimweleza koo, umio, walinzi wawili, mlango mmoja, na bango. Nilimweleza polepole, kama ninavyowaeleza ninyi, na nikamwambia hakumuua mtoto wake. Sijui kama aliniamini. Aliniuliza tu kama Kanyere alihisi maumivu, nikamjibu hapana, na hilo ni kweli.

Mumbere alitaka kuacha kazi. Sikumbembeleza. Nilimpeleka kwa muuza nyama, nikanunua koo la mbuzi, nikamwambia alibebe kichwani mpaka uani kwangu, akamimina uji kwa mkono wake mwenyewe. Alikata pafu. Tulikaa pale mpaka kuku wangu wakaanza kulidonoa.

Bango bado lipo, nalo limepakwa rangi upya. Kwa hiyo nimestaafu, lakini sijakaa nyumbani. Asubuhi za operesheni nachukua kigoda changu nakwenda kuketi nje ya lango, upande wa barabara, pamoja na akina mama wanaopika. Barabara ni ya serikali, AG hana bango lake huko. Ninawaambia wapike, waonyeshe, wafunge, wasubiri hapo hapo. Mgonjwa anatoka kuja kuiona sufuria yake, ananusa, anarudi ndani. Kinachokosekana ni ninyi. Sufuria zinafungwa au hazifungwi huku nje, na aliye na sindano yuko kule ndani na tablette yake. Mimi siwezi kupita getini kuwaambia, kitambulisho changu nimekirudisha. Kutoka bloc hadi langoni ni mwendo mfupi, hata kwa mtu wa kizazi chenu. Adhabu ya kutoka na nguo za bloc ni kuandikwa jina. Jina la Mama Kavira nalo limeandikwa.

Jumatatu iliyopita mvua ilikuwa inanyesha. Lango likafunguliwa akatoka Mumbere, na kofia ya bloc, na sandali za bloc matopeni, mlinzi akimfuata nyuma huku akimuuliza jina kana kwamba halijui. Akalitaja lote, na la baba yake pia. Akaja akachuchumaa mbele ya mama mmoja aliyekuwa na sufuria mapajani, akamsalimia, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akamwambia, "Mama, funga nione."

Yule mama alishika ncha za kikwembe. Akazisokota, akazisokota, akatazama barabara. Hakufunga.

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale. Mumbere hakumgombeza. Alimshukuru, "Wasingya, mama," akainuka, akarudi ndani mbio kutafuta pedali.